Miezi Tuliyompakata

Mimi mwenyewe ni mtoto wa kulelewa. Nilipoachishwa ziwa, shangazi yangu wa Muheza, ambaye hakujaliwa kuzaa, alikuja Korogwe kututembelea akaondoka na mimi. Hakuna aliyeandikishwa popote. Baba alisema tu, "Dada, huyu ni wako," na mama akafunga vinguo vyangu kwenye kanga. Likizo nilirudi kwa mama, shule zikifunguliwa nilirudi kwa shangazi, na mpaka naoa nilikuwa na watu wawili wa kuwapigia magoti kama mama. Kwa hiyo mimi na mke wangu tulipokaa Toronto miaka bila mtoto, na mimba mbili zimeshaharibika, wazo la kulea mtoto aliyezaliwa na mwingine halikunitisha hata kidogo. Kilichonishangaza ni njia yake.

Mama mkwe alishangaa zaidi. "Kwani mmekosa ndugu wa kuwapa mtoto?" aliuliza kwa simu kutoka Tanga. "Si mngesema? Mdogo wako ana wanne."

Mke wangu akamweleza kwamba kumleta mtoto wa ndugu mpaka Kanada ni shughuli ya miaka, na kwamba huku nako wapo watoto wanaohitaji kwao. Mama mkwe akakubali. "Haya. Mungu awape mwenye adabu."

Tulikuwa tunakaa Crescent Town, fleti ya vyumba viwili inayotazama bondeni kwenye miti. Mimi nilifanya kazi kiwanda cha mikate, zamu ya alfajiri. Mke wangu alikuwa duka la dawa kuanzia mchana. Mara nyingi tulipishana kwenye lifti, yeye anashuka mimi napanda, tukasalimiana kama majirani. Sikujua kama kupishana huko kutakuja kutufaa.

Mfanyakazi wa ustawi wa watoto aliyepewa habari zetu alikuwa mama wa makamo mwenye asili ya Jamaika, sauti nzito, na alivua viatu vyake vya theluji mlangoni bila kuambiwa. Kwa hilo tu mke wangu akampenda. Alikuja kwetu mara nyingi majira yale ya baridi. Alipima joto la maji ya bombani. Alitazama madirisha yanafungukia wapi. Aliuliza tuliadhibiwaje tukiwa wadogo, na huwa tunafanya nini tukikorofishana.

"Yeye hunyamaza," mke wangu akajibu. "Mimi hupika."

"Na nani hushinda?"

"Anayekula," nikasema, na yule mama akacheka mpaka akavua miwani.

Ni yeye aliyetueleza habari ya njia ambayo hatukuijua. Kwa kawaida, alisema, mtoto hulelewa kwa muda katika nyumba moja, labda mbili, labda tatu, wakati mahakama inaangalia kama wazazi wake wanaweza kurudishiwa. Ikiamuliwa hawezi kurudi, ndipo anatafutiwa watu wa kumuasili, na hapo anahama tena. Lakini kuna watu wachache wanaokubali kumpokea angali mchanga, kama walezi wa muda, huku wameshapitishwa kuwa wazazi wa kuasili. Ikishindikana arudi kwao, anabaki hapo hapo alipozoea. Akirudi, wanampeleka.

"Mtoto habahatishwi," alisema. "Mnaobahatisha ni ninyi. Moyo utakaovunjika, kama utavunjika, ni wa mtu mzima."

Siku ile hatukumjibu. Mke wangu alikaanga samaki. Tulipokwisha kula akaniuliza, "Shangazi yako alikuwa anafanyaje ulipokuwa unarudi kwa mama likizo?"

Nikamwambia ukweli, kwamba alikuwa akinisindikiza stendi, ananinunulia machungwa, halafu anageuka kabla gari halijaondoka.

"Basi na sisi tutanunua machungwa," akasema.

Kusema ndiyo ni jambo moja, kupangiwa mtoto ni jingine. Tulialikwa kwenye ukumbi mmoja mkubwa ambako wafanyakazi wa ustawi kutoka miji mbalimbali walikaa nyuma ya meza, kila meza na picha za watoto wanaongoja, na ukutani kukaoneshwa video zao wakicheza mpira na kupuliza mapovu ya sabuni. Watu walizunguka na vikombe vya kahawa. Mke wangu alinishika mkono kwa nguvu. "Mbona kama mnadani?" aliniuliza kwa Kiswahili, na mwanamke mmoja mwenye ushungi mbele yetu, ambaye kumbe alitoka Mombasa, akageuka akasema, "Hata mimi nimeona hivyo hivyo, dada." Tukasimama watatu, tukakosa la kufanya, tukala biskuti.

Baadaye tulifikiriwa kwa mvulana mmoja wa miezi minane. Tulisikia habari zake zote: anapenda maji, anaogopa mbwa, ana kikohozi kinachokuja na kuondoka. Tukaanza kumzungumza mezani kama mtu anayekuja Jumamosi. Kisha yule mama akapiga simu kwamba ilichaguliwa familia nyingine, inayokaa karibu na dada wa mtoto huyo, na kwamba ni vizuri wao wawili waweze kuonana. Ilikuwa sahihi kabisa. Lakini wiki nzima nilipokuwa naona mtoto analia kwa sababu ya mbwa bustanini, nilikuwa namtazama usoni nikijiuliza kama ndiye.

Simu ya pili ilinikuta kiwandani, nimevaa kofia ya nywele na unga mpaka kwenye nyusi. "Kuna msichana," yule mama alisema. "Amezaliwa juzi juzi. Mama yake ni mgonjwa, yuko hospitali, hana ndugu mji huu. Ameomba kitu kimoja tu. Ameomba mtoto akae kwa watu wanaosema Kiswahili."

Nikampigia mke wangu. Aliniacha nimalize, akasema, "Mwambie kitanda kipo," akakata. Kitanda hakikuwepo. Alikinunua mchana huo huo na kukipandisha yeye na jirani yetu, mwanamke wa Bangladeshi wa mlango wa pili, ambaye hakuuliza kitu mpaka kiliposimama.

Mtoto alikuja na jina lake, na jina hilo hatukuligusa wala sitalitaja hapa, ni mali yake. Alikuwa na nywele laini zilizosimama wima kama ameshtuliwa. Hakulia garini. Alilia alipoingia ndani kwetu, akalia mpaka tukaanza kutazamana, na ndipo nikakumbuka jinsi shangazi alivyokuwa akiwanyamazisha wajukuu wa jirani. Nikachukua kanga, nikainama, mke wangu akamlaza mgongoni, nikafunga. Nikazunguka sebuleni. Kabla sijafika dirishani mara ya pili, kimya.

Tangu hapo mgongo wangu ukawa wake. Nilirudi kutoka kiwandani mke wangu akiwa ameshavaa koti la kwenda kazini. Ananikabidhi mtoto na kanga, na lifti inaondoka naye. Mchana wote tulikuwa wawili. Nilipika naye, nilipanga nguo naye, nilivuka naye daraja la waenda kwa miguu kwenda kituo cha treni, koti langu kubwa limefungwa juu yetu sote. Wanawake wa Bangladeshi walionikuta njiani walikuwa wakisimama. Kwanza walicheka, wakiziba midomo kwa shela. Kisha wakaanza kuleta chakula. Hakuna mwaka niliokula wali mwingi kama ule. Nikifikiria sasa, naona kwamba tulikuwa tumechoka kupita kiasi. Lakini kinachonijia si uchovu. Kinachonijia ni harufu ya kisogo chake akitoka kuogeshwa kwenye beseni, na mke wangu akimpaka mafuta ya nazi huku akimsimulia habari za duka la dawa, nani amekuja, nani amegombana na nani, na mtoto akimsikiliza kwa makini kama mzee wa baraza.

Mama yake alipotoka hospitali, tulianza kumpeleka akamwone. Walionana kwenye ofisi ya ustawi, chumba chenye zulia la rangi nyingi na kochi, na mfanyakazi mmoja amekaa pembeni. Mara ya kwanza nilimpeleka mimi. Nilimtarajia mtu mzima. Nikamkuta binti mdogo, mwembamba, Mkongomani wa Bukavu aliyepitia kambini Uganda, amekaa na pochi yake magotini kama mtu anayesubiri kuitwa. Baba wa mtoto alikuwa ameondoka kabla mimba haijaonekana. Alipojifungua peke yake katika mji huu, akili ilimzidia. Alikuwa anasikia mtoto akilia hata mtoto akiwa amelala, akaacha kula, akaacha kulala, mpaka majirani wakaita msaada. Haya aliyaeleza baadaye, mwenyewe. Siku ile aliangalia kanga kifuani kwangu, kisha akazunguka nyuma yangu kuangalia mtoto.

"Baba, njo weye unamubebaka ku mugongo?"

"Ndiyo, mdogo wangu. Bila mgongo halali."

"Mwanaume?"

"Ndiyo mimi tena."

Akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kilichotoka kama kimesahau njia. Nikafungua kanga, nikampa mwanawe, nikatoka nje kusubiri kwenye kiti cha korido. Kupitia mlangoni nilimsikia akimwambia mambo mengi kwa sauti ya chini, na Kiswahili chake hakikuwa changu, lakini kila neno nilielewa.

Alikuja kila mara. Mwanzoni alikuja macho mekundu, mwendo mzito kwa ajili ya dawa. Kisha akaanza kuja amesuka. Kisha akaja na uji kwenye chupa ya chai, akatugombeza kwamba mtoto amekonda. Alikuwa anauliza amekunywa bibero ngapi, na mke wangu akasema, "Chupa, mdogo wangu, hapa kwetu tunasema chupa," naye akajibu, "Mutaniharibia mutoto na Kiswahili ya Tanzania, akikomaa atakuwa ananiseka." Kuseka kwao ni kucheka, na hapo wote watatu tukacheka, na mfanyakazi wa pembeni, asiyejua neno, akacheka pia.

Siku moja alichelewa. Tulikuwa tumekwenda wote, mimi na mke wangu, na tulikaa korido mtoto akitafuna kamba ya koti lake. Mke wangu akatazama mlango, akasema, "Labda leo haji." Alivyosema vile, sauti yake ilikuwa nyepesi. Aliisikia mwenyewe. Aliweka mkono mdomoni, akanitazama. Hata ndani yangu kulikuwa na sauti ile ile. Dakika chache baadaye binti wa watu akaingia anahema, basi lake lilikwama kwenye theluji, alikuwa ametembea sehemu ya njia. Viatu vyake vilikuwa vimelowa. Mke wangu akainuka, akavua soksi zake mwenyewe, za sufu, akampa.

Majira ya machipuko yalipoingia yule mama wa Jamaika alikuja nyumbani. Hakuvua koti. Tukajua. Alisema binti amepona kiasi cha kuwaridhisha madaktari. Amepata chumba kwa mama mmoja wa kanisa lao, huko Kingsview Village, Barabara ya Dixon, mwanamke wa Bukavu mwenye watoto wakubwa. Na mahakama imekubali mtoto arudi, polepole, kwanza kwa mchana, kisha kwa kulala, kisha moja kwa moja.

"Mna swali?" aliuliza.

"Anajua kwamba mtoto hapendi maji yamwagike usoni?" mke wangu akauliza.

"Mwambie mwenyewe," yule mama akasema. "Ninyi ndio mtakaomfundisha."

Tukamfundisha. Binti alikuja kwetu Crescent Town siku kadhaa kabla ya siku ya mwisho, akakaa jikoni, na mke wangu akamwogesha mtoto mbele yake, akamwelekeza namna ya kukinga paji la uso kwa kiganja. Kisha akampa yeye. Mtoto alipiga maji kwa miguu, akatulowesha wote. Nilisimama mlangoni nikiwatazama wanawake wawili wameinama juu ya beseni moja, migongo imegusana, na sikujua kama ninachokiona ni mwisho au mwanzo wa kitu.

Siku ya kumpeleka mke wangu alipiga pasi kila nguo, hata soksi. Ndege zilipita chini sana juu ya yale maghorofa ya Dixon, mtoto akainua uso kila mara kuzitafuta. Mwenyeji, yule mama wa kanisa, alikuwa amepika sombe, tunayoiita sisi kisamvu, na ugali wa muhogo, akatukalisha kwa nguvu. Tukala bila kusikia ladha. Tulipoinuka, binti alitufuata mpaka kwenye lifti, mtoto kiunoni. Mke wangu akambusu mtoto kisogoni mara moja. Lifti ikaja. Chini, kwenye duka la Wasomali, mke wangu akasimama akanunua machungwa. Tukayala kwenye kituo cha basi, yote, juisi ikitutiririkia kwenye mikono ya makoti.

Watu wa ustawi wakatuambia tumwachie binti nafasi kwanza. Tulimwachia. Nyumba ilipanuka ghafla. Nilirudi kutoka kazini nikapishana na mke wangu kwenye lifti mikono mitupu, na jirani wa mlango wa pili aliendelea kuleta wali, safari hii akiuweka tu na kuondoka. Kanisani kwetu Agincourt mtu mmoja mwenye nia njema alisema, "Si mlijua tangu mwanzo?" Ndiyo, tulijua. Anayejua kwamba mvua inakuja naye analowa.

Kisha mchana mmoja simu ikalia. Alikuwa binti, na nyuma yake nilisikia kilio ninachokijua.

"Baba, mutoto anakataa kulala. Minamufunga ku mugongo, minatembea, bado. Mulikuwa munamufanyia nini ingine?"

Nikafikiri. Hatukuwa tunafanya kitu kingine. "Weka simu karibu naye," nikasema. Nikampa mke wangu, aliyekuwa anajiandaa kwenda kazini. Naye, kwa kukosa neno, akaanza kumsimulia habari za duka la dawa: nani alikuja jana, nani alibishana kuhusu dawa ya macho. Kilio kikapungua. Kikawa kwikwi. Kikakata. Tulisikia binti akipumua. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Kuyeni dimanche. Kuyeni kula."

Jumapili tukaenda. Mtoto alitutazama kwa muda kutoka kiunoni kwa mama yake, akatukagua, akainamia upande wa mke wangu na mikono imenyooshwa. Binti hakumzuia. "Enda," alimwambia, "enda kwa mama mukubwa." Nikawa mimi mjomba. Nilijaribu kueleza kwamba kwa taratibu zetu mama mkubwa na mjomba ni mtu na kaka yake, na watatuchukulia vibaya. Alinijibu kwamba hana ndugu mwingine Kanada, kwa hiyo mimi ni yaya wake, yaani ndugu yake mkubwa, na mke wangu ni yaya wake, na mwenye neno aende akaishi Bukavu. Yakaisha.

Baada ya mwaka na kitu yule mama wa Jamaika alitupigia tena, kuhusu mvulana wa miaka mitatu ambaye kesi yake mahakamani ilikuwa imekwisha. Huyo tulimuasili, na ndiye anayetuita mama na baba leo. Habari zake atazisimulia mwenyewe akitaka. Nasema tu kwamba siku alipoletwa, aliyempokea mlangoni kwa kelele alikuwa msichana mdogo wa Dixon, ambaye alimshika mkono na kumwonesha choo kiko wapi.

Msichana huyo sasa yuko shule ya msingi. Mama yake anahudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunza, na zamu zake zikigongana sisi ndio tunaokaa na mtoto. Anaelewa Kiswahili chote, chetu na cha mama yake, lakini hujibu kwa Kiingereza. Majira ya joto yaliyopita nilikuwa namrudisha kwao, tumesimama tunasubiri basi, akaniuliza kwa Kiingereza kama ni kweli alikaa kwetu alipokuwa mchanga.

"Kweli," nikasema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka mama yako alipopona."

Akafikiria. Akauliza kama tulilia alipoondoka.

"Mama mkubwa alilia sana. Mimi nilikwenda kazini."

Alinitazama, kichwa ameinamisha upande, na mara hii akaacha Kiingereza.

"Mjomba," alisema, kwa lafudhi ya Bukavu, ambako hajawahi kufika, "weye pia ulilia."

Nikamwambia ndiyo, nililia, kwenye chumba cha kubadilishia nguo kiwandani, na bwana mmoja Mfilipino alinipa taulo lake. Alitaka kujua taulo lilikuwa la rangi gani. Basi likaja, tukapanda, akachagua kiti cha dirishani.